Picha Iliyotikisika

Walimwita Chapchap, na hakuwahi kulipinga jina hilo. Alikuwa mpiga picha asiyeweza kumaliza kikombe cha chai bila kusimama. Asubuhi hiyo alikaa mbele ya kompyuta ya mezani, akainuka, akakaa tena, anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Mama yake alikuwa ameomba picha moja tu, na picha yenyewe haikuonekana.

Ilipigwa kwenye harusi ya mdogo wake wa mwisho. Mama hakuwa mtu wa kamera. Ukimwelekezea tu, anakaza uso kama yuko mbele ya hakimu. Lakini siku hiyo bwana harusi alihangaika kumvisha bibi harusi pete kwenye kidole kisichostahili, mama akaangua kicheko, na Chapchap akabonyeza. Akamwonyesha palepale kwenye kioo cha kamera.

"Hiyo unitunzie," mama akasema.

Kisha kikaja kiharusi. Upande mmoja wa uso ukalegea, na mkono wa upande huo ukakataa kunyanyuka. Tangu hapo mama hakutaka kuonekana akicheka. Kicheko kikimponyoka, aliuwahisha ule mkono mzima na kufunika mdomo. Juzi ndipo aliposema, "Nataka kuiona ile niliyokuwa nacheka. Nimesahau nilivyokuwa." Neno kama hilo ukishalisikia kwa mama yako, utakaa vipi ukatulia?

Studio ilikuwa yake na dada yake mkubwa. Yeye alizunguka na kompyuta mpakato, dada akasafisha picha kwenye ile ya mezani. Kazi yote ilipita kwenye maktaba ya picha, na kwa asiyejua, maktaba hiyo si picha zenyewe. Ni kama mwenye jiko anayejua kila sufuria iko wapi, ipi imetoboka na ipi ni ya wageni. Picha halisi hukaa kwenye diski, ile inayochomekwa kwa waya. Maktaba hukumbuka zilipo na alama zilizopewa, na hujiwekea kijipicha cha kila moja.

Sheria ya dada ilikuwa nyepesi: maktaba ni moja, inakaa ndani ya diski, na mwenye diski ndiye mwenye kazi. Lakini kwa Chapchap sheria ni kama foleni, iliwekewa watu wengine. Huyu ni mtu anayechomoa waya kabla kompyuta haijamaliza kunakili! Alichoka kungoja zamu, akajinakilia maktaba kwenye mpakato, dada naye akabaki na nyingine mezani. Basi zikawa mbili, kila moja na lake moyoni.

"Dada! Umefuta nini humu?"

Dada akatokea chumba cha nyuma na kitana mkononi. Alikuwa anamsuka mama.

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Umefuta nini?"

"Marahaba. Nilifuta ulichoniambia nifute. Ulisema diski imejaa, kila yenye alama ya X iondoke."

"Mimi siwezi kuipiga X picha ya mama!"

"Si una laptopu? Ifungue."

Akaifungua huku goti linacheza chini ya meza. Akashuka na picha za harusi, akashuka, akasimama. Kijipicha kilikuwepo. Mama kichwa nyuma, mdomo wazi, ukingo wa uso umefifia kwa kutikisika. Pembeni kulikuwa na alama ya kuuliza, maana yake picha halisi haipo tena. Juu yake kulikuwa na X, na aliijua ni ya kidole chake. Alikumbuka alivyozipitia picha zile mbio mbio, kila yenye ukungu inakwenda, nyuso hata hakuzitazama.

Kosa likikosa pa kwenda, hutafutiwa jirani. "Na wewe uliiona," akasema. "Ulishindwa nini kuizuia?"

Dada aliinama kwenye kompyuta ya mezani, akafungua maktaba ya zamani aliyokuwa ameificha, maana alimjua mdogo wake. Mama yuleyule akatokea, kijipicha tu vilevile, na chini yake nyota tano.

"Niliipa zote," dada akasema. "Kesho yake nikakuta nyota zangu zimefutika. Ulileta maktaba yako ukaibandika juu ya yangu, hata hodi hukupiga. Nikaona X zako, nikasema huyu ndiye aliyepiga, bila shaka ameangalia. Kosa langu ni hilo, kukuamini."

Chapchap aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Pipa la taka la kompyuta lilishamwagwa, na kadi ya kamera ilishapigiwa harusi nyingine tele. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Nitamwambia diski ilikufa," akanong'ona.

"Diski haina mdomo wa kujitetea, ndiyo maana. Mwambie wewe."

Chapchap akakichapa kijipicha. Alipojaribu kukikuza, uso wa mama ukageuka vibonge vya rangi, akakirudisha. Karatasi iliyotoka haikuzidi kiganja.

Mama alikuwa kitini karibu na dirisha, nywele nusu zimesukwa. Chapchap akasimama mlangoni, mguu nje, mguu ndani.

"Mama, picha yako niliifuta. Mimi mwenyewe. Kimebaki hiki tu."

Mama akakipokea kwa mkono wake mzima, akakisogeza jichoni.

"Ulifuta kwa nini?"

"Ilitikisika."

Mama akaitazama tena, muda mrefu.

"Sasa wewe mtoto, mtu akicheka hatikisiki? Ulitaka nicheke nimeganda?"

Kicheko kikamtoka palepale, cha upande mmoja, kimepinda, na mabega yanaruka. Mkono ulianza kupanda kuelekea mdomoni. Lakini ndio uliokuwa umeshika picha, na mama hakutaka kuikunja. Akauacha mapajani, akaendelea kucheka.

Dada alishanyakua kamera. Walipoitazama kwenye kioo, mama alikuwa na ukungu tangu kidevuni hadi kwenye kitana kilichomning'inia nyweleni. Kidole cha Chapchap, kwa mazoea yake mabaya, kikaelekea kwenye kitufe cha kufutia, na dada akakipiga kofi.

Chapchap akarudi kwenye kompyuta, akaiingiza picha kwenye diski, akaunganisha waya ili mpakato nayo ipate nakala yake. Mstari wa kunakili ukaanza kutambaa polepole.

"Chapchap!" mama aliita kutoka chumbani. "Chai inapoa!"

"Nakuja, mama," akajibu, na hakuinuka mpaka mstari ulipofika mwisho.