Kibali cha Upande wa Mizinga

Ofisini waliniita Mama Mhuri, nami sikukasirika. Msimu wa kuchoma mabua na magugu ulipofika, hakuna aliyewasha kiberiti shambani bila karatasi yangu, na karatasi haikutoka kabla sijafika huko kwa miguu yangu na kuona ukanda umelimwa pande zote nne, hatua tano za udongo mtupu. Mwalimu mkuu nilimrudisha mara mbili kwa sababu ya hatua moja iliyopungua. Akaniambia nina roho mbaya. Nikamjibu kwamba moto una mbaya zaidi.

Mjomba alikuja zikiwa zimebaki siku mbili marufuku ya kuchoma wakati wa kiangazi ianze. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Ndiye aliyenisuka nywele, vibaya mno, mpaka nikajifunza mwenyewe. Goti lake lilikuwa limevimba. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikammiminia chai, na huku tukitaniana nikamjazia kibali: kesho, asubuhi, kabla ya upepo. Mstari wa chini nikaandika kama nilivyowaandikia wote: "Shamba limekaguliwa." Nikagonga mhuri. Sikuwa nimekagua kitu. Nilijiambia mjomba anajua kulima kuliko mimi, na jua lilikuwa kali.

Moto ulivukia upande wa jirani yake, mfuga nyuki. Yule bwana aliingia kuokoa mizinga yake, akatoka ameungua kifua na mikono. Siku ya tatu akafia hospitali.

Baada ya mazishi, askari wa upelelezi alituma ujumbe kwamba angekuja kumhoji mjomba pale ofisini. Mjomba alifika kabla yake. Alikaa kwenye benchi la wageni, mguu ameunyoosha.

"Upande wa mizinga nililima hatua mbili tu," alisema. "Goti lilikataa. Nilitaka niache mpaka mwakani. Halafu nikasoma karatasi yako. Nikasema, kumbe ameshapita nikiwa sipo, ameona zinatosha. Wewe hukosei mambo haya." Akanitazama. "Ulipita saa ngapi?"



"Sikupita, mjomba."

Nilitamani anitukane, anipige hata kofi. Alikunja tu mguu wake taratibu, kwa mikono miwili.

"Basi," akasema, "sikuwa na kibali."

Kabla sijajibu, askari aliingia, akatusalimu, akafungua daftari lake juu ya meza yangu.

"Mzee, pole na msiba wa jirani. Siku ile ulikuwa na kibali?"

"Sikuwa nacho, afande."

Pembe ya karatasi ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa shati lake. Niliijua rangi yake. Askari alimweleza, bila ukali, kwamba kuchoma bila kibali na mtu akafa ni kesi ya jela, na kwa umri wake huenda asitoke. Mjomba akaitikia kama mtu anayesomewa bei ya chumvi. Nilimchukia kwa upole ule, na nilijichukia zaidi, kwa sababu kwa kitambo kidogo niliona nafuu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa ameshazaliwa na amekaa mbele yangu.

Nikavuta droo.

"Mwanangu," mjomba alisema, "funga hiyo droo."

"Nimekusikia, mjomba."

Nilitoa kitabu cha vibali, nikakifungua kwenye nakala ya kaboni yenye jina lake, nikakisukuma mbele ya askari. Alifuata mistari kwa kidole mpaka wa chini, akausoma kwa sauti.

"Shamba limekaguliwa." Akainua macho. "Nani alikagua?"

Mjomba alikuwa akinitikisia kichwa, machozi yanamtoka.

"Hakuna," nikasema. "Mhuri ni wangu."