Viota Kumi na Kimoja

"Thelathini na nane nukta mbili," alisema Hinke, muuguzi wa makao ya wazee, akarudi nyuma hatua mbili na kipimo chake cha joto mkononi. "Froukje, siwezi kukuruhusu."

"Nimeendesha baiskeli kilomita kumi na nne, upepo wote ukinipiga kifuani. Hii si homa, Hinke. Ni jasho."

"Najua. Lakini ndivyo tulivyoagizwa. Kaa hapo nje upoe, baada ya robo saa nitakupima tena."

Robo saa. Na baba yangu alikuwa ndani, chumba cha tatu, pumzi zikimwishia.

Jambo ninaloona aibu kulisema mpaka leo ni kwamba majuma matano yaliyotangulia yalikuwa matamu. Korona ilikuwa imefagia magari barabarani, hata angani hakukuwa na kitu cha kunguruma. Kila asubuhi nilipanda baiskeli juu ya tuta la kuzuia bahari, peke yangu, nikawasikia ndege kuliko nilivyowahi kuwasikia maishani. Hofu nilikuwa nayo muda wote, sikatai. Lakini masikio yalifurahi.

Nilikuwa na kazi pia. Baba alilinda viota vya vitwitwi wa kishungi, ndege wanaotaga chini kwenye nyasi, tangu ujana wake, kama wanavyofanya wengi huku Friesland. Ukiona mayai kwenye nyasi unachomeka fito mbili kando yake, ili mkulima akija kukata majani kwa trekta akwepe. Wageni walipozuiwa makaoni, kazi hiyo akanirithisha mimi. Taarifa nilimpelekea dirishani, kila mmoja na simu yake, kioo katikati yetu.

"Vingapi?" alikuwa akiuliza, hata salamu hakuna.

"Tisa, Baba."

"Tisa? Macho umeyaacha nyumbani, mwanangu? Shambani kwa Durk peke yake havipungui kumi."

Basi siku ile nilikuwa shambani kwa Durk, simu nimeizima sauti isije ikawashtua ndege. Trekta lilikuwa limeshaanza upande wa pili. Nikatafuta, nikapata cha kumi, nikachomeka fito. Nikapata cha kumi na moja. Kisha nikakaa kwenye nyasi kusikiliza, dakika kumi, labda ishirini, kwa raha zangu tu. Nilipoitoa simu, Hinke alikuwa amepiga mara sita na kuacha ujumbe: Baba amebadilika, wanaruhusu mtu mmoja, njoo haraka.

Nilikanyaga pedali mpaka magoti yakaniwaka.

Sasa nilisimama uani, koti wazi, nikijimwagia maji ya chupa usoni na kuulaani mwili wangu kwa joto lake. Dirisha la Baba lilikuwa wazi kidogo, pazia limefungwa. Nikapiga mluzi alionifundisha utotoni, ule wa kitwitwi dume. Ukatoka vibaya. Nikapiga tena, nikangoja anicheke.

"Thelathini na sita nukta tisa," Hinke alisema hatimaye. Akanivisha gauni la plastiki, barakoa na glavu.

Baba alikuwa ameelekeza uso dirishani. Hinke akamgusa shingoni kutafuta mapigo, kisha akaniambia pole. Nikavua glavu, naye hakunizuia. Mkono wa Baba ulikuwa bado na joto, kuliko wangu.

"Kumi na kimoja," nikamwambia.