Usukani Upande wa Majani

Gari letu liliendeshwa na watu wawili. Baba alishika usukani, Mama alishika barabara.

Lilitoka ng'ambo, kuukuu lakini limetunzwa, na huko lilikotoka watu huendesha upande ambao sisi hatuendeshi. Kwa hiyo usukani ulikaa upande wa majani, na dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu ila matairi na moshi. Aliyekaa kando yake ndiye aliyeona. Baba akiuliza, "Vipi?" Mama huchungulia na kumjibu neno moja: "Bado," au "Pita." Walikwenda hivyo miaka mingi, nami kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba ndoa ndiyo hiyo.

Baba Mdogo hakuliacha gari hilo lipumue. Alifanya kazi katika kiwanda kilichounda magari ya hapa nyumbani, idara ya kufunga milango.

"Kaka, umenunua gari linalokupa mgongo," alimtania.

"Ya kwenu yanaota kutu yangali dukani. Hebu sikiliza." Baba aliufunga mlango, ukatua kama mto ulioangukia kitanda. "Wa kwenu unalia kama sufuria."

"Sawa, sufuria. Lakini mke wangu safarini anasinzia. Shemeji je, tangu lini amesinzia?"

Baba alicheka. Mama hakucheka.

Siku ile tulikuwa tunarudi na Baba Mdogo kutoka kumwona Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa hoi kitandani. Mama alikuwa amekesha naye, macho yamemwiva. Alimwomba Baba twende polepole, tusipite gari la mtu. Baba alipita mawili. Alipouliza habari za la tatu, Mama aliegemeza kichwa kwenye kiti.

"Nimechoka kuwa macho yako. Leo sisemi."

"Hata neno moja?"

Akafumba macho.

Tukalikuta lori la mbao likipanda mlima kwa mwendo wa mgonjwa. Baba akaanza kupigapiga usukani kwa vidole. "Vipi?" Kimya. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Mama hakufumbua macho. Nyuma yake alikaa Baba Mdogo, mtu asiyeweza kustahimili watu wakinuniana. Utani wake wote, nadhani, ulikuwa njia ya kukimbia ukimya. Akatoa kichwa dirishani.

"Pita, kaka."

Pikapu ilichomoza kutoka kileleni. Baba alilirudisha gari upande wetu, karibu lote. Mkia ndio uliobaki nje, na kwenye kona ile ya mkia alikuwa amekaa Baba Mdogo. Ule mlango uliosifiwa uliingia ndani kama boksi lililokanyagwa. Mimi nilikuwa kando yake, upande wa majani. Sikupata hata mkwaruzo.

Baada ya mazishi ya Baba Mdogo, mkewe, Mama Mdogo, alikuja kwetu, tumbo likimtangulia. Sebule ilikuwa imejaa watu. Alikataa kiti.

"Dada, nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alimwambia apite?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa anaikagua bandeji ya mkono wake kama ndiyo kwanza anaiona. Alijua. Sote watatu tulijua.

"Mimi," Mama akasema.

Mama Mdogo alitikisa kichwa taratibu, akajifunga vizuri kanga yake, akatoka. Hajakanyaga kwetu tena. Mtoto aliyekuwa tumboni sasa ana ndevu, na akikutana na Mama njiani humpita kama anavyoipita nguzo.

Nilimfuata Mama jikoni. "Mbona umesema ni wewe?"

"Shika hizi sahani." Nikazishika. "Ningesema mimi kule mlimani, baba yako mdogo asingesema. Ndiyo hivyo. Na mama yako mdogo atabaki na mume aliyeuawa, si mume aliyejiua. Wewe nyamaza."

Gari lililofuata Baba alilinunua la hapa hapa. Majirani walishangaa, maana walijua alivyokuwa akiyasimanga. Aliwajibu kama wajibuvyo madereva wote: spea ziko kila duka, mafuta halinywi sana, na vya kwetu tusipovinunua sisi atavinunua nani? Aliyasema kwa ufasaha, na wawili kati yao walikwenda kununua ya aina hiyo hiyo.

Siku ya kwanza alimfungulia Mama mlango wa mbele.

"Humu huna kazi," alimwambia, akijaribu kutabasamu. "Unaweza hata kulala."

Mama aliufungua wa nyuma mwenyewe. Akaketi moja kwa moja nyuma ya kiti cha dereva, upande unaotazamana na magari yajayo, mahali ambapo Baba asingeweza kumwona hata kwa kioo.

Kiti cha mbele nikakaa mimi. Njia nzima hakuna aliyeniuliza kitu.