Bastola ya Kupigia Ndege

Risasi tatu zililia, moja baada ya nyingine, kavu, nyuma ya ukuta wa mabati. Mama yangu alikuwa akipita na kabeji nne kichwani. Alijitupa chini. Kabeji zikabiringika hadi mtaroni, naye akalala kifudifudi katikati ya barabara ya Tuwan, saa tano asubuhi, mikono imefunika kisogo, kama tulivyolala wote kwetu Saboti siku watu wa mlimani walipoteremka na bunduki.

Kisha mimi nikatoka nyuma ya ukuta ule, bastola ya plastiki mkononi, nikicheka.

"Ni gemu, mama. Ni gemu tu."

Aliinuka polepole. Aliokota kabeji zake moja moja, akazifuta matope kwa leso.

"Na masikio yangu yatajuaje, Ngige?" aliuliza. Siku tatu hakunisemesha.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na saba, mwezi wa tano. Tulikuwa tumeacha shamba, ng'ombe wawili na mahindi yaliyofika magotini, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Tuwan, Kitale. Nilikuwa na miaka ishirini na hasira ya watu kumi. Mahali pa kuiweka palikuwa pamoja tu: kibanda cha gemu cha Shafi.

Shafi alikuwa wa rika langu, mtoto wa Hawo muuza vitambaa, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Alikuwa na mashine nane kuukuu zilizokuja na mitumba, na alizijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Ile ya kijivu ya sidii ilikuwa haisomi mpaka uigeuze juu chini. Ile nyeusi ya kaseti nene ilitaka kupulizwa mara mbili, si tatu. Nyeupe ya kaseti za manjano ilipata joto haraka, kwa hiyo Shafi aliiwekea sahani ya maji baridi ubavuni. Humo tulipigana ngumi, tukaendesha vifaru, tukakimbiza pikipiki, tukacheza kandanda ya wachezaji wasio na nyuso. Na kulikuwa na gemu ya kupiga ndege kwa bastola, iliyounganishwa na spika ya redio kubwa ili mtaa mzima usikie. Gemu hiyo ilikuwa yangu. Hakuna aliyenishinda Kitale nzima, na kila aliyeingia nilihakikisha anajua hivyo.

Bastola yenyewe ilitoka kiwandani na rangi ya chungwa, ili hata mtu wa mbali ajue ni mchezo. Mimi ndiye niliyeipaka dawa nyeusi ya viatu, nikaisugua mpaka ikang'aa kama chuma. Kila nilipomaliza kucheza, niliuviringisha waya wake kwenye mpini, nikauzungushia utepe mweusi.

"Si ungeiacha tu vile ilikuwa?" Shafi aliniambia. "Hii sasa inatisha watu, bana."

"Ya rangi ya chungwa ni ya watoto wa nasari," nilimjibu. "Mimi si wa nasari."

Vibanda vya Kitale, Webuye na Bungoma vilikuwa na desturi. Kila mwisho wa mwezi kibanda kimoja kilitembelea kingine. Mwenyeji alichagua gemu tano. Mgeni alikuja na vya mkononi mwake, pedi zake za kuchezea na bastola yake, kwa sababu kila bastola ina upogo wake, na mkono uliozoea upogo mmoja hauwezi mwingine. Aliyeshindwa aliacha kaseti. Na aibu kubwa kuliko kushindwa ilikuwa kubusu kioo, yaani kusogea mpaka televisheni na kubandika mdomo wa bastola kwenye kioo ili usikose. Mtu aliyebusu kioo aliitwa jina hilo mpaka akahama mtaa.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo zamu ilikuwa ya Bungoma, kwa Wepukhulu.

Shafi alitaka bastola isafiri ndani ya katoni iliyofungwa kamba. Nilikataa. Nikaitia kwenye mfuko wa mgongoni aliouvaa yeye, mpini ukiwa juu, karibu na zipu.

Kibanda cha Wepukhulu kilikuwa nyuma ya soko. Mlangoni pake mwanamke aitwaye Peris alianika omena juu ya magunia. Wepukhulu mwenyewe, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, alikuwa amekusanya vijana wake kutushangilia vibaya.

"Karibuni, Wakitare!" alipaza. "Shafi, niaje? Na huyu ndiye Ngige, simba wa ndege? Ebu geuka tukuone, simba."

"Utaniona kwa kioo," nilisema.

"Ati kwa kioo!" Aliwageukia wenzake. "Nasikia nyumbani kwao Saboti wameacha shamba, wameacha ng'ombe, wamekimbia. Sasa mtu anakimbia shamba rake mwenyewe, si atakimbia gemu yangu saa ngapi?"

Walicheka. Hata wapita njia walicheka. Akilini nilimwona baba yangu siku ile ya kukimbia, akiwa na ndoo na godoro, akitembea bila kuangalia nyuma.

"Ngige, achana naye," Shafi alininong'oneza. "Ni matani ya gemu."

Nilinyoosha mkono, nikafungua zipu ya mfuko wake, nikachomoa bastola. Nikamwekea Wepukhulu katikati ya macho.

"Rudia!" nilipiga kelele. "Rudia uliyosema!"

Nilivuta kifyatuo. Kilifanya klak. Hakuna aliyecheka tena.

"Bunduki!" Ni Peris aliyepiga ukemi. "Wako na bunduki! Watu wa mlima wameingia soko!"

Hapo nilifanya jambo ambalo bado naliona kila ninapofumba macho. Niliirudisha bastola kwenye mfuko wa Shafi, nikapiga hatua mbili pembeni. Mkono wangu uliijua hatari kabla ya kichwa, na ulipoijua ulimtupia rafiki.

Walikuja kutoka pande zote. Wauza nyanya, wasukuma mikokoteni, mtu mwenye panga la kukatia miwa. Walimtazama Shafi, wakaona mfuko, wakaona nywele laini na pua nyembamba.

"Ni Msomali! Hawa ndio wanauzia watu wa mlima bunduki!"

Rungu la kwanza lilimpata begani. La pili nyuma ya magoti. Alipoanguka, viatu vilimfikia kabla ya ardhi. Ngumi ya kwenye gemu hulia kama mlango uliobamizwa. Ngumi ya kweli hailii hivyo. Inasikika kama mtu anayekanda unga. Nilijirusha juu yao, nikang'ata mkono wa mtu, nikapigwa na mpini wa jembe mbavuni, nikatupwa juu ya omena. Niliamka, nikapigwa tena. Kupitia miguu nilimwona Shafi akijikunja, damu inamtoka puani, anasema neno moja tu, "Gemu, gemu, gemu," na hakuna anayelisikia.

Mtu mmoja alikuja akiviringisha tairi.

"Ngojeni!" Alikuwa Wepukhulu. Alisimama juu ya Shafi, mikono imetandazwa. "Ni ya gemu hiyo! Ya kupiga ndege! Hawa ni wageni wangu!"

"Wewe mwenyewe imekuwa kwa kichwa yako sasa hivi!" mtu alimjibu. "Toka, ama tuchome wawiri!"

Peris alikuwa ameichukua bastola kutoka kwenye mfuko. Aliishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili, na mkono wa pili ulishika jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Kaka yangu aliuawa na kitu kama hii," alisema. Hakuwa anapiga kelele tena, na hilo liliniogopesha zaidi. "Huko mlimani, Cheptais. Mwezi wa tatu."

Nilimpigia magoti. Mimi, ambaye sikuwa nimepigia mtu yeyote magoti.

"Mama, ina waya. Fungua huo utepe uone. Nipe dakika moja niichomeke kwa televisheni nikuonyeshe. Kama ni uongo, hilo jiwe nipige mimi kwanza."

Aliubandua utepe kwa meno. Waya ukaanguka, ukaning'inia. Yule wa tairi akasema, "Waya inaweza kuwa ya bomu." Wengine wakaitikia. Lakini Peris alikuwa ameshaingia kibandani.

"Onyesha," aliniambia, akanipa bastola.

Walimburuta Shafi hadi mlangoni, wakamlaza kizingitini ili nimwone na wao wanione. Wawili walikanyaga mikono yake. Wa tatu alisimama na mpini wa jembe.

Wepukhulu alichomeka waya, akawasha mashine. Kioo kilijaa chenga. Alitoa kaseti, akaipuliza, akairudisha. Chenga tena.

"Wanatuchezea!" mtu alisema, na mpini ukashuka. Shafi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu.

Wepukhulu alipuliza tena. Picha ikatokea: majani, anga ya buluu, ndege mmoja mweusi akiruka kutoka kushoto.

Nilielekeza, nikafyatua. Nilikosa. Sikuwa nimekosa ndege wa kwanza kwa mwaka mzima. Mashine ikatoa sauti yake ya kuzomea, na mlangoni mpini ukashuka tena. Safari hii ulimpata usoni.

Ndege wa pili. Nilijiambia tulia, pumua, mkono ni wako. Lakini machozi yalikuwa yamefanya ndege wawe watatu. Nikakosa. Mashine ikazomea. Mpini ukashuka. Jicho la kushoto la Shafi halikuonekana tena, palikuwa na damu tu mahali pake.

"Haifanyi kitu!" walisema. "Haiui hata ndege ya televisheni! Leteni petroli!"

Nilikwenda hadi kwenye televisheni. Mbele ya Wepukhulu na vijana wake wote, nilibandika mdomo wa bastola kwenye kioo. Nilibusu kioo. Ndege akapita chini ya mdomo wa bastola, nikafyatua, akaanguka. Wa pili akaanguka. Wa tatu. Sikuwa na haya. Ningelamba kioo kile kwa ulimi kama ndege wangeanguka kwa ulimi. Nilipofika wa saba, mkono wa Peris ulishuka juu ya wangu.

"Nipe," alisema.

Alielekeza kama mtu anayemnyooshea mtoto mkorofi kidole. Akafyatua. Ndege alitoa manyoya manne, akadondoka majanini, na mashine ikampigia tarumbeta ndogo ya ushindi. Peris alitazama kioo, akaitazama bastola. Dawa ya viatu ilikuwa imemchafua vidole, na chini yake rangi ya chungwa ilianza kuonekana.

Jiwe lilianguka kutoka mkono wake mwingine.

"Ni mchezo," aliwaambia walioko mlangoni. Kisha akaninasa kofi. Akanipiga la pili, na la tatu, akilia. "Ni mchezo! Mnacheza na kitu kama hii! Mnacheza!"

Yule wa tairi aliondoka na tairi lake. Wengine walirudi kwenye nyanya zao, mmoja mmoja, kama watu waliokuwa wamesimama kutazama mvua.

Askari wawili walifika wakati tunamfunga Shafi kichwa kwa shati langu. Mkubwa wao aliiokota bastola, akaipima uzito.

"Bastola bandia. Kutisha watu hadharani. Ya nani?"

Mimi niliyejibu kila mtu, niliyejibu hata wasioniuliza, sikujibu.

"Yangu," Shafi alisema kupitia meno yaliyovunjika. "Mashine zote ni zangu."

Ilikuwa kweli, na askari hakuuliza zaidi.

Walimpeleka hospitali, wakamfunga pingu mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda. Daktari alisema jicho moja limekwenda, la pili litapona. Askari alisema Jumatatu atasomewa mashtaka mahakamani.

Hawo alifika saa kumi kasorobo alasiri na binti yake Bilan. Alimpita askari bila kumwona, akauweka mkono juu ya bandeji ya mwanawe, akasoma dua kwa midomo tu. Kisha akainua pingu, akaitazama, akairudisha taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Shafi wangu hagombani na mtu," alisema. "Tangu mdogo. Akipokonywa kitu anaacha. Ngige, wewe ulikuwa hapo. Niambie, alimwelekezea mtu bastola kwa nini?"

Shafi alifungua jicho lililobaki. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, kunikataza. Alikuwa bado ananificha.

"Nyamaza tu," alinong'ona. "Mimi nimeshapigwa. Kwa nini tuumie wawili?"

Bilan alitutazama wote wawili. Mimi niliitazama pingu.

"Mama Shafi," nilisema, na sauti yangu haikuwa ile ya kibandani. "Hakumwelekezea mtu. Ni mimi. Niliipaka rangi mimi, nikaichomoa mimi, na walipokuja watu nikamrudishia yeye mgongoni. Askari alipouliza, nilinyamaza."

Bilan alianza kunijia, ngumi imekunjwa, mama yake akamshika nguo.

"Kituo hakiko mbali," niliendelea. "Nakwenda sasa hivi, kwa miguu yangu, na nitawatajia jina langu na la baba yangu na kila nilichofanya. Wakinipiga, nitasema. Wakinifunga, nitasema. Nakuahidi, Mama Shafi, hii pingu itatoka kwa mkono wake leo, na itaingia kwa wangu."