Mhuri wa Kutoka

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Raushan Seitkali alitandaza ramani ya anga juu ya meza ya Ludmila Pak, akasogeza sahani ya maandazi na birika la chai ili Bahari ya Kaspi ipate nafasi. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Miaka mitano alikuwa akinyunyizia dawa mashamba ya pamba ya kusini, na mitatu iliyofuata akiendesha ndege ya viti vinane ya Bwana Dauletkhan, mwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Teskensai. Alimpeleka Astana, alimpeleka Atirau, akamrudisha Almaty. Mpaka wa nchi hakuwahi kuuvuka. Sasa rubani mkuu Oleg alikuwa amestaafu, na Ijumaa Raushan ndiye angempeleka Dauletkhan na mkewe Istanbul, ambako bosi alikuwa anakwenda kupewa nishani ya usalama kazini.

Ludmila, aliyekuwa akitayarisha safari za ndege tangu kabla Raushan hajazaliwa, alivaa miwani yake.

"Nje ya nchi si mbali, mwanangu," alisema. "Ni karatasi tu. Soma."

Raushan akasoma alichoandika usiku uliopita. Kibali cha kupita anga ya Azabajani, kimeombwa. Georgia, kimeombwa. Kibali cha kutua Uturuki, kimejibiwa. Barua ya bima. Mtu wa kuwapokea uwanjani. Hoteli ya marubani. Mafuta ya kufika bila kutua njiani, abiria wawili, mizigo minne.

"Na visa yako?"

"Haihitajiki. Nimeangalia mara tatu."

"Angalia ya nne. Oleg aliwahi kulala kwenye benchi la uhamiaji siku mbili, na sare yake imenyooshwa vizuri kabisa."

Simu ya Raushan ililia. Alikuwa mama yake, kutoka Taraz.

"Huko Istanbul kuna baridi?"

"Ni Juni, mama."

"Hata kama. Vaa soksi. Nimewaambia majirani wote, usije ukaniaibisha."

Saa nne wanaume sita walipanda ngazi, wakafuta viatu vyao kwenye zulia la mlangoni, wakaingia. Walikuwa wamekufa Februari ya mwaka uliotangulia, gesi ilipolipuka katika shimo la tatu la Teskensai. Kofia zao za chuma walizishika mkononi. Ludmila aliwaambia wakae. Viti vilikuwa vitatu, kwa hiyo watatu walikaa na watatu wakasimama ukutani, wakijihadhari wasiuegemee na kuichafua rangi yake.

Aliyezungumza aliitwa Turdubek. Alikuwa na miaka hamsini na kidogo, mtu wa Naryn, katika nchi ya Wakirgizi, upande wa pili wa milima.

"Tumesikia ndege inatoka nchini, dada rubani," alisema. "Tunaomba nafasi."

"Ndege ni ya Bwana Dauletkhan, mzee wangu."

"Tunajua ya nani. Makaa tumechimba sisi."

Raushan alimwuliza wanakwenda kufanya nini Istanbul. Turdubek alisema Istanbul hawana shida nayo, popote nje ya nchi panatosha. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo katika madirisha mengi. Mgodi ulitangaza kwamba waliokufa ni watano. Watano hao walikuwa na mikataba. Wao sita walikuwa Wakirgizi, walioingia kwa mhuri wa mpakani na kufanya kazi bila kuandikwa popote, na shimo lilizibwa kwa saruji siku ya tatu. Vitabu vya serikali vilionyesha waliingia na hawajatoka. Nyumbani, wake zao waliambiwa kwamba waume zao wako hai Kazakhstan, wamezidisha muda wa kukaa, labda wameoa.

"Na mtu ambaye hajatoka hawezi kufika kwake," Turdubek alisema. "Tumejaribu mpakani kwa miguu. Kule kuna kamera, wanataka uso unaopumua. Lakini kwenu huku, kwa matajiri, tumeambiwa afisa haangalii nyuso."

"Haangalii," Ludmila alikubali.

"Pasipoti mnazo?" Raushan aliuliza.

Turdubek aliweka sita juu ya ramani. Mgodi ulikuwa umezifungia kwenye sefu tangu siku walipoajiriwa, na sefu si kitu kwa mtu aliyepita kwenye saruji.

"Mbona hamkumwomba Oleg?"

"Tulimwomba mara mbili. Alijifanya hasikii. Wewe tumeambiwa unasoma kila jina."

Mmoja wa waliosimama alicheka kidogo. Alikuwa kijana mwembamba aliyeitwa Mirlan. "Na hatutakula chochote," alisema. "Bosi asiwe na wasiwasi na vitafunio vyake."

Raushan aliwaomba wasubiri nje. Walipotoka aliweka kidole juu ya Baku, ng'ambo ya Bahari ya Kaspi. Rubani mkuu ndiye anayetia saini orodha ya abiria. Orodha ikiwa ya uongo, leseni inakwenda, na pamoja nayo miaka minane na majirani wa Taraz.

"Wafu wanaandikwa kwenye orodha, mama?"

"Maiti ndani ya jeneza ni mzigo, ina fomu yake," Ludmila alisema. "Anayepanda ngazi mwenyewe na kukaa kitini ni abiria. Sijaona popote palipoandikwa vingine." Akafungua kitabu cha kanuni, akatafuta kwa muda mrefu. "Na Wakirgizi hawahitaji visa, si Baku wala Istanbul. Walio hai au la, hawakusema."

"Kwa hiyo niwaandike?"

"Mimi natayarisha safari. Saini ni yako."

Raushan alishuka na mizani ya mizigo. Aliwapima mmoja mmoja uani, pamoja na buti na taa zao, kwa sababu hawakuweza kuvivua. Walikuwa wazito kuliko walivyoonekana. Yule mwembamba alifika kilo mia moja na nne, na hakuona haya. Raushan akarudi juu, akapiga hesabu upya. Kwa abiria wanane ndege isingeweza kubeba mafuta ya kufika Istanbul moja kwa moja. Akaomba kibali cha kutua Baku na gari la mafuta, akabadilisha saa za Georgia na Uturuki, akaandika majina sita kwa herufi kubwa chini ya majina mawili yaliyokuwepo. Herufi za jina la ukoo la Turdubek alizilinganisha na pasipoti mara mbili. Kisha akatia saini. Alisahau kunywa chai yake.

Ijumaa saa tano asubuhi walikutana kwenye jengo dogo la abiria wa ndege binafsi, lenye makochi na bakuli la tufaha. Afisa wa uhamiaji alifika na mihuri yake ndani ya kibegi.

"Wageni wa Bwana Dauletkhan?"

"Hii ndiyo orodha," Raushan alisema.

Afisa alipokea pasipoti nane kwa pamoja, za bosi na mkewe zikiwa zimetangulizwa, akazifungua, akagonga. Kwenye ya tano alisita.

"Huyu amezidisha mwaka na zaidi." Akatazama makochi kwa mara ya kwanza. "Mbona wachafu hivi?"

"Wametoka kazini," alisema Raushan.

"Haya." Akagonga ya tano, ya sita, ya saba na ya nane, akachukua tufaha, akaondoka. Turdubek alifungua yake, akautazama mhuri ule wa mstatili wenye mshale unaoelekea nje. Alipuliza wino ukauke, ingawa hakuwa na pumzi.

Dauletkhan alifika na mkewe dakika kumi kabla ya kuondoka. Alipanda ngazi, akawaona wanaume sita wameketi wima kwenye viti vya ngozi nyeupe, kofia magotini.

"Nani hawa?"

"Wa shimo la tatu," Raushan alijibu.

"Wako kwenye orodha?"

"Wapo."

"Basi sawa." Akakaa, akafunga mkanda. "Kwa nini tunatua Baku?"

"Uzito, bosi."

"Oleg hakuwa anatua Baku."

Mkewe aliomba kitambaa, akatandika kwenye kiti cha mbele yake ili vumbi lisiifikie kanzu yake. Alimwuliza Mirlan kama anataka maji. Mirlan alishukuru, akakataa. Walipita juu ya nyika, kisha juu ya maji, na rubani msaidizi akasoma masafa ya redio ya Baku kwa sauti, na Raushan akazungumza na nchi ya kigeni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Walimjibu kwa adabu.

Gari la mafuta lilikuwa linasubiri. Wanaume sita waliteremka. Turdubek alimpa Raushan mkono, nao ulikuwa baridi na mgumu kama mpini wa koleo.

"Hapa tayari ni nje," alisema. "Mungu akuzidishie, dada."

Wakatembea hadi mwisho wa uwanja, wakashuka ufukweni, wakashika njia ya mashariki juu ya maji. Waliinamia kusini kidogo, kupitia Turkmenia na Uzbekia, ili wasiikanyage tena Kazakhstan. Raushan alirekebisha uzito, akaandika abiria wawili, akaruka. Istanbul aliona hoteli na kipande cha barabara. Nishani ilikuwa ya kioo, na wakati wa kurudi ilitengewa kiti chake ndani ya ndege.

Septemba, mwanamke aliyefunga kilemba cheupe alipanda ngazi za ofisi ya Ludmila. Alikuwa Gulsaira, mke wa Turdubek, ametoka Naryn kwa basi. Mezani aliweka barua ya wakili wa mgodi. Barua ilisema kwamba madai ya fidia hayana msingi. Watu sita waliotajwa waliondoka nchini kihalali, kwa hiari yao, kwa ndege binafsi, wakiwa wamepanda kwa miguu yao wenyewe, kama inavyothibitishwa na mhuri wa uhamiaji na orodha iliyosainiwa na rubani mkuu R. Seitkali.

Raushan aliisoma mara mbili.

"Hajafika nyumbani?" aliuliza.

"Amefika. Tangu Juni. Anakaa karibu na jiko, hali chochote. Sina ugomvi naye." Gulsaira alikunja barua. "Ninachotaka ni karatasi ya kusema alikufa, na wapi. Nina watoto wanne. Mwenyewe alikwenda wilayani akawaambia. Wakamjibu, baba, mtu aliyekuja kwa miguu hatuwezi kumwandika marehemu."

Raushan alichukua karatasi, akaandika kwamba yeye, rubani mkuu, anathibitisha abiria wa tatu hadi wa nane walikuwa wamekufa walipopanda. Ludmila alipiga mhuri. Waliituma siku hiyo hiyo. Wakili alijibu baada ya wiki moja kwamba orodha ya abiria haina safu ya kueleza hali hiyo, na kwamba saini ya kwanza ya rubani ndiyo inayohesabika. Dauletkhan hakumfukuza Raushan. Alisema ni rubani makini.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile Gulsaira alikunywa chai yake hadi mwisho, akasimama, akauliza jambo moja.

"Alikaa wapi kwenye ndege?"

"Dirishani," Raushan alisema. "Upande wa kulia."

"Aliangalia nje?"

"Njia nzima."

Gulsaira aliitikia kwa kichwa. Akashuka ngazi taratibu, akishika ukuta, kuwahi basi la saa nane. Kwenye pasipoti yake, mpakani walikuwa wamemwandikia ruhusa ya kukaa siku tatu.