Shika Koo

Usiniulize kama niliogopa. Niliogopa kuliko Chelimo mwenyewe, na mtihani haukuwa wangu.

Chelimo ni mwanafunzi wa ualimu aliyeletwa shuleni kwetu hapa Rongai nimlee kikazi. Kufundisha anajua, watoto wa Gredi ya Tatu wanampenda, ila ulimi wake wa Kikalenjin unachanganya p na b. Bata kwake ni "pata", na kupata ni "kubata". Msimcheke, sisi wa Bungoma pia tuna yetu. Chuo kilishamwangusha mara moja kwa matamshi hayo. Akianguka tena, ualimu kwaheri.

Nikamwambia, "Shika koo. Ukisema b, linatetemeka. Ukisema p, limetulia." Watoto nao wakadaka mchezo: mtu akiteleza, darasa zima linashika koo. Nikacheka nao, mjinga mimi.

Jumatano mtathmini wa chuo akaja, Bwana Kipkemoi, mtu asiyeonyesha hata jino. Akaketi nyuma, karibu nami, kalamu tayari. Chelimo akabandika picha ya bata ubaoni.

"Watoto, huyu ni..." Akakwama.

Woi! Sema, mama, sema tu! Kalamu ya Kipkemoi ikaanza kuandika. Chelimo akapeleka mkono kooni.

"Bata."

Nikapumua. Hakuteleza tena mpaka kipindi kikaisha.

Kipkemoi akaenda mbele kuaga. "Watoto, mwalimu wenu amejitahidi. Leo amebata alama nzuri."

Darasa zima likashika koo.

Haki ya Mungu, nilitaka sakafu inimeze. Chelimo aliegemea meza. Alama zilikuwa bado mikononi mwa yule mzee, na mchezo ule niliuleta mimi.

"Mbona mnashika koo?" Kipkemoi akauliza, sauti ya chini.

Cheruto wa dawati la mbele, mtoto asiyejua kuogopa, akasema, "Umeteleza, mwalimu. Shika koo urudie."

Kipkemoi akamtazama Chelimo, akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua, alikuwa amelegeza tai, mkono uko kooni.

"Ame... pata," akasema polepole.

Watoto wakapiga makofi. Yeye akamgeukia Chelimo, mkono bado uko pale pale.

"Nani alikuonyesha hii?" akamuuliza. "Mimi shuleni nikiteleza nilikuwa nachapwa tu."