Jiko Liliwekwa Mwisho

Wahakiki saba walikuja kuitazama filamu ya dada yangu Jumatano asubuhi, na sita kati yao waliisifu kwa kosa nililolifanya mimi. Wa saba alilala. Nilimwona kupitia dirisha dogo la chumba cha mashine, kidevu kifuani, na sina ugomvi naye. Angalau huyo hakuandika uongo.

Mimi ni mtu wa mashine katika sinema hii, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wananiita Fundi, hata nyumbani. Kazi yangu ni kupanga filamu kwenye kompyuta, kuwasha projekta, kuzima taa, na kutukanwa sauti ikikatika. Mambo yakienda vizuri hakuna anayekumbuka kama nipo, nami ndivyo ninavyopenda.

Filamu yenyewe inaitwa Vyumba Vitano. Ni filamu ndefu ya kwanza ya dada. Kabla ya hapo maisha yake yote yalikuwa matangazo ya sabuni. Ilimchukua miaka minne. Inamhusu mama mmoja, tangu anapohamia nyumba yake hadi anapozikwa, na mama huyo, nisizungushe maneno, ni mama yetu.

Ililetwa kwangu ikiwa kwenye flashi sita ndani ya bahasha, kwa sababu kompyuta ya sinema ni kuukuu na faili kubwa huishinda. Mtu mwenye akili zake angezipa namba. Dada alisema namba ni za mashati. Alibandika stika na kuandika majina ya vyumba: Ua, Sebule, Jiko, Wodi, Kaburi. Kwake yeye kaburi nalo ni chumba. Ya sita iliandikwa Majina, yaani orodha ya waigizaji na waliofanya kazi, na hiyo hata mlevi anajua inakwenda mwisho.

Nilimpigia simu kuuliza mpangilio. Ilikuwa imezimwa. Siku ambayo kazi yake inatazamwa, dada huzima simu na kujifungia ndani. Kinyozi hajinyoi. Basi nikapanga mwenyewe: Ua, Sebule, Wodi, Kaburi, Jiko, Majina. Haikunichukua hata dakika mbili. Kwangu mimi halikuwa jambo la kufikiria.

Alhamisi magazeti yalitoka. Yuko mhakiki tunayemwita Profesa, si kwa sababu ya chuo chochote bali kwa sababu ya miwani yake. Ana ukurasa mzima kila wiki, na tangu nianze kazi sijawahi kumwona akitoa nyota tano. Wiki ile alizitoa zote. Aliandika: "Mama amezikwa, udongo bado mbichi. Kisha, bila kuomba ruhusa kwa mtu, anaingia jikoni na kuchambua mchele. Anakohoa mara mbili. Kikohozi cha marehemu! Katika miaka thelathini sijasikia kikohozi chenye ujasiri kama hiki." Aliendelea na kikohozi kwa aya mbili nzima. Mama wa kipindi cha sinema redioni alisema yeye alilia hadi kwenye maegesho ya magari. Wengine wanne walisema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi.

Dada alinipigia akicheka na kulia kwa pamoja. "Fundi! Nyota tano! Umeona? Ngoja nikusomee."

"Nimeshasoma, dada."

"Nisikilize tu." Akaanza kusoma. Alipofika kwenye udongo mbichi alipunguza mwendo. Alipofika jikoni akaacha kusoma. "Fundi."

"Naam."

"Jiko umeliweka wapi?"

"Mwisho. Si ndipo mahali pake?"

"Jiko ni la tatu! Anakohoa jikoni, anapelekwa wodini, anakufa, basi. Kikohozi ndicho kinachoanza ugonjwa. Mtu ataanzaje kuugua ameshazikwa?"

"Mbona wao wameona sawa?"

"Wao hawakuzaliwa naye." Alivuta pumzi. "Kesho unairudisha kama nilivyoipanga mimi. Na usimwambie mtu."

Hakuniuliza kwa nini niliweka Jiko mwisho, nami sikumwambia. Nilikata simu nikiwa na hasira kuliko yeye, na sababu yake nitaisema mbele.

Ijumaa tukafungua milango. Vyumba Vitano ilikuwa ukumbi wa pili. Ukumbi wa kwanza ulikuwa na Mapacha wa Chuma, Sehemu ya Tatu. Profesa aliipa hiyo nyota moja, akaiita kelele za mabati, na watu walipanga foleni hadi barabarani. Hata mimi niliipenda. Ina mapacha, ina chuma, haimdanganyi mtu.

Siku ya kwanza filamu ya dada iliuza tiketi mia nne kumi na mbili. Kwa filamu isiyo na hata bastola moja, hiyo ni sherehe. Lakini watu walikuwa wanatoka wakitazamana. Mzee mmoja alirudi hadi dirisha la tiketi. "Nimesoma gazetini kwamba mama anarudi," alimwambia msichana wa tiketi. "Nimekaa mpaka majina yakaisha. Harudi!" Jumamosi tiketi mia tatu sabini na saba. Jumapili mia moja tisini na nane. Jumatatu arobaini na tatu, na sita kati ya hao waliingia kwa ajili ya feni.

Jumapili hiyo Profesa alirudi, safari hii na mkewe, kumwonyesha kile kikohozi. Baada ya onyesho nilisikia viatu kwenye ngazi, akaingia kwangu bila kubisha.

"Wewe bwana umeharibu kazi ya sanaa!" alisema. "Umechanganya sehemu. Jiko umelitupa katikati kama gunia. Nitaliandika hili."

"Mzee, hivi ndivyo ilivyotengenezwa. Jumatano ndipo nilipochanganya."

Alinitazama, akavua ile miwani, akakaa juu ya kasha la vipuri. Mkewe alikuwa amebaki mlangoni. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, maana alifunika mdomo kwa mkoba.

"Kwa hiyo nyota tano," alisema Profesa, "nilimpa nani?"

"Sijui, mzee. Labda mimi."

Hakucheka. Aliniomba nisimwambie mtu, nikamwambia yeye ni wa pili kuniomba hivyo.

Sasa, meneja wetu ni mtu mwema hadi Alhamisi. Alhamisi usiku anajumlisha. Filamu isiyofikisha tiketi elfu moja na mia tano kwa wiki inatolewa, na msambazaji anayepeleka filamu kwenye sinema za miji mingine hutazama hesabu hiyo hiyo tu, halafu anaamua. Ikifa hapa imekufa kote. Jumatatu jioni meneja alipanda juu na karatasi yake. Jumla ilikuwa elfu moja na thelathini.

"Watu wanataka filamu waliyoisoma gazetini," alisema. "Mwambie dada yako airudishe ile ya Jumatano. La sivyo anarudi kwenye sabuni, na mimi naweka Mapacha kumbi zote mbili."

Nilimpelekea dada ujumbe kama ulivyo. Hakujibu. Jumanne asubuhi, kabla sinema haijafunguliwa, alikuja mwenyewe. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kupanda zile ngazi. Alisimama kati ya projekta na birika langu la chai, mkoba begani, kama mtu aliyepita tu.

"Nimekuja kukataa," alisema. "Nataka umwambie meneja nikiwepo. Kaburi ndilo la mwisho. Afadhali ife ikiwa yangu."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Filamu ni yako, dada."

"Lakini hebu niambie jambo moja. Hukuwa umeiona. Ulikuwa na stika tu mkononi. Hata mtoto mdogo angejua kwamba kaburi ndilo la mwisho. Wewe kwa nini uliweka Jiko baada ya Kaburi?"

Ningeweza kusema nilichoka, au mwanga ulikuwa hafifu. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wa aina mbili.

"Kwa sababu baada ya makaburini tulirudi jikoni," nilisema.

Dada alishusha mkoba. "Mimi sikurudi."

"Najua."

Hii ndiyo habari yenyewe. Miaka sita iliyopita, tulipomzika mama, gari la watu wa matangazo lilikuwa linamsubiri dada kwenye lango la makaburi, injini inanguruma. Sabuni haikuweza kungoja. Alinishika bega akasema atakuja jioni. Mimi nilirudi nyumbani, watu wakaja, wakala, wakaondoka, nikaosha masufuria yote. Kisha nikachambua mchele kwenye ungo wa mama na kupika upya, kwa watu wawili. Nilikaa pale jikoni peke yangu. Dada hakuja jioni ile, wala kesho yake. Alikuja wiki iliyofuata na maua, na mimi nikamkaribisha vizuri kabisa, na tangu siku ile sijawahi kumtembelea.

Kwa hiyo nilipoona stika yenye neno Jiko, nilijua ni lipi. Nilidhani amesikia kwa mtu. Nilidhani ameiweka ile alasiri ndani ya filamu yake ili kuniambia kwamba anajua. Na Jumatano, Jiko lilipoanza, nikaona ni mama mwenyewe amerudi kule jikoni badala yangu, nilisema moyoni kwamba dada ameiona vizuri kuliko nilivyoiona mimi. Kwa dakika ishirini na mbili sikumkasirikia. Halafu Alhamisi akaniambia Jiko ni la tatu.

Yote hayo nilimwambia pale pale, nikiwa nimeshika kitambaa cha kufutia lenzi. Sikupandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo kwa dada si jambo dogo.

"Niwekee," alisema. "Kama ulivyoipanga."

Alishuka ukumbini. Viti mia tatu na kumi, akachagua cha pembeni karibu na mlango, kama mtu anayetaka nafasi ya kukimbia. Nilizima taa. Kupitia dirisha langu niliona kisogo chake tu. Ua ukapita, Sebule ikapita. Wodini hakutikisika. Makaburini aliinama, nikadhani atatoka, lakini hakutoka.

Kisha likaja Jiko. Katika filamu, kwa mpangilio wa dada, watoto wawili wanatoka shule wakiwa wamechelewa. Mama yuko na ungo, ameupa mlango mgongo. Hageuki. Anasema: "Mmechelewa. Haya, kaeni mle." Ni maneno ya kila siku, mama yetu aliyasema labda mara elfu. Lakini ukiwa umetoka kumwona akifukiwa, si maneno ya kila siku tena. Dada aliyaandika yeye mwenyewe, akayarekodi, akayasikia kwenye mashine ya kuhariri kwa miaka minne, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza alipohisi anaambiwa yeye.

Aliweka kichwa juu ya kiti cha mbele yake na kukaa hivyo hadi majina yakaisha. Niliacha taa zikiwa zimezimwa kwa muda, kinyume cha kanuni.

Alipopanda juu macho yalikuwa yamevimba. "Siku ile ulinisubiri mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tatu usiku."

"Uliniwekea chakula?"

"Nilikufunikia sahani."

"Ukakifanyia nini?"

"Nilikila mimi kesho yake mchana. Wali ulikuwa umeanza kuchacha."

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nilikimbia. Sabuni ingengoja. Mimi ndiye sikutaka kuingia mle ndani akiwa hayupo."

Nilimwambia nimesamehe. Haikuwa kweli yote wakati ule, ila sehemu kubwa ilikuwa kweli. Alichukua kalamu yangu ya wino mzito, akazipanga zile flashi mezani, na juu ya kila stika akaandika namba. Ua moja, Sebule mbili, Wodi tatu, Kaburi nne. Kwa Jiko alisita kidogo, akaandika tano.

Jumanne hiyo tuliuza tiketi mia moja ishirini na moja, Jumatano mia moja themanini na sita, Alhamisi mia mbili sabini na moja. Jumla elfu moja mia sita na nane. Meneja alisema alijua tangu mwanzo. Msambazaji aliichukua kwa sinema kumi na moja. Profesa aliandika kwamba mwongozaji alifanya jaribio la siku nne, akaiona hekima, akarudi. Nyota ni zile zile tano. Asiyejua maana haambiwi maana, na anayeijua, basi, alishaombwa anyamaze.

Jumapili nilimwalika dada nyumbani kwa mama, ambako bado naishi. Tulikubaliana saa saba mchana. Saa nane kasoro robo mlango ulisukumwa, nikasikia viatu vikisimama sebuleni, kisha vikaja polepole hadi jikoni. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, ungo mkononi.

"Umechelewa," nilisema. "Haya, kaa ule."